Foki ya Springi au Foki ya Chuma? Nimezijaribu Zote Mbili Malindi

Assalamu alaikum watazamaji wangu, karibuni. Nimesimama ng'ambo ya daraja la Sabaki, barabara ya kutoka Malindi mjini kwenda Mambrui. Huo mvumo mnaousikia ni upepo wa kusi, mnivumilie. Mkononi nina foki mbili, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, za baiskeli ya inchi 26. Hii nyembamba ya chuma ilikuja na baiskeli yangu. Hii nene ya springi niliinunua mtumba kwa shilingi 2,800, nikabebea madafu miezi miwili. Jana nimeifungua, na nataka mjue sababu, maana naona vijana wengi wanainunua kwa kuwa inapendeza macho.

Tazameni hapa chini. Bomba la mbele la fremu, lile linaloshika shingo ya foki, halikusimama wima, limelala nyuma kidogo. Nikilifuatisha kwa ubao mnyoofu hadi ardhini, ubao unagusa hapa, natia chaki. Sasa nateremsha timazi ya mwashi kutoka katikati ya ekseli. Inagusa hapa, nyuma ya chaki. Hapo ndipo tairi inapokanyaga. Nafasi iliyo baina ya alama hizi mbili mimi naiita mkia, na ndiyo roho ya usukani. Mmewahi kusukuma kitoroli cha supamaketi? Vigurudumu vyake hujigeuza vyenyewe vikafuata nyuma. Gurudumu la baiskeli nalo ni hivyo hivyo. Mkia ukiwa mrefu, hujinyoosha lenyewe na mwendo wa kasi hutulia. Mkia ukiwa mfupi, usukani huwa mwepesi na huitikia haraka.

Wengi tunakosea hapa, na mimi nilikosea miaka mingi. Tunadhani foki ikipinda sana mbele, mkia unarefuka. Sivyo, unafupika! Ekseli ikitokeza mbele, tairi nayo inasogea mbele, inaikaribia chaki. Mbona basi zile baiskeli za Black Mamba za wazee wetu, foki zimepinda kama upinde, na bado zinakwenda zimetulia? Kwa sababu bomba lake limelala sana, chini ya digrii 70 ukipima kutoka ardhini, na kulala huko kunaurudisha mkia uliopunguzwa na mpindo. Aliyezichora alivipima vyote viwili pamoja. Wala miguu iliyonyooka isikudanganye, kwani hii ya springi imenyooka kabisa lakini tundu la ekseli limewekwa mbele ya mguu. Mtokezo, yaani kule ekseli kutokeza mbele, upo.

Sasa foki zangu zote mbili zina mtokezo wa milimita 40. Nikasema basi, ni sawa. Kumbe ya springi ni ndefu kwa sentimita tano. Ilipofungwa, pua ya fremu ikainuka, bomba likalala kutoka digrii 71 hadi 68 na nusu hivi, na mkia ukarefuka kutoka milimita 70 hadi kama 86. Kwa baiskeli ya kiasi hiki, kila sentimita mbili unazoinua mbele zinapunguza takriban digrii moja.

Kwenye lami niipe haki yake: mashimo iliyameza, na kwa kasi ilitulia vizuri sana. Taabu ilianza nilipoacha lami nikaingia mchangani, magunia mawili ya madafu yako juu ya keria. Kwa mwendo wa pole, mkia mrefu na bomba lililolala hulifanya gurudumu litake kuanguka upande: ukikata kidogo, lenyewe linaendelea kukata. Na mzigo wote ukiwa nyuma, mbele ni kwepesi, tairi haishiki. Nimeangusha mzigo mara mbili. Mara ya pili madafu sita yalipasuka, na hilo liliniuma, maana kila dafu kuna mtu aliyeparamia mnazi kuliangua.

Lakini mkia si kila kitu. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walitengeneza kibaiskeli ambacho tairi yake hukanyaga mbele kidogo ya ile chaki, kinyume kabisa na hii yangu, na bado kikisukumwa bila mtu hujisimamia chenyewe. Siri ilikuwa jinsi uzito ulivyopangwa. Kwa hivyo nami nimeyashusha magunia, yananing'inia pande mbili za keria, karibu na kiti kadiri miguu inavyoruhusu. Tofauti nimeiona siku hiyo hiyo.

Na kabla hamjalipa fundi, angalieni foki inatazama wapi. Niliwahi kurudishiwa baiskeli foki imefungwa kinyumenyume, mpindo unatazama kwangu. Usukani ukawa mzito, na kila kona vidole vya mguu vinagonga tairi.

Hukumu yangu: kama njia yako ni lami ya kwenda Gede na Watamu, bila mzigo, foki ya springi itakufaa, mradi urefu wake ulingane na wa ile ya zamani. Nenda dukani na futi ya kupimia, pima kutoka ekseli hadi pale shingo inapoanzia. Kwa mchanga na madafu, mimi nimerudi kwenye hii ya chuma. Nimetoka nayo Mambrui asubuhi hii na magunia mawili, na hakuna dafu lililoanguka.