Kuteswa au kubanwa? Wakristo wa Uingereza

Je, Wakristo wa Uingereza leo wanateswa, au wanabanwa tu? Neno "kuteswa" Uingereza inalijua. Mwaka 1586, mjini York, Margaret Clitherow, Mkatoliki aliyeshtakiwa kwa kuwaficha mapadri, alilazwa chini akarundikiwa mawe mazito mpaka akafa. Wakatoliki wenzake walisubiri hadi 1829 ndipo wakaruhusiwa kuwa wabunge.

Kubanwa ni kitu kingine. Nadia Eweida, mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways, alikatazwa kuvaa msalaba unaoonekana kazini. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa ushindi. Katika hukumu hiyohiyo, msajili Mkristo aliyekataa kuandikisha ubia wa kiraia, yaani muungano wa kisheria, wa watu wa jinsia moja alishindwa. Huyo wa pili namwonea uchungu hasa, kwa sababu kuchagua kati ya mkate na dhamiri si jambo dogo, na wanaolibeza wanakosea.

Hata hivyo, siwezi kuliita mateso. Mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini humo, na viti 26 katika baraza la juu la Bunge ni vya maaskofu wake. Clitherow hakuwa hata na mahali pa kukata rufaa.