Sabufa ya elfu 85 na klarineti: mwezi mmoja nayo hapa Tabora

Sabufa hii nimeichukua mwezi uliopita sokoni, ile ya spika mbili ndogo na boksi la besi, ina rimoti, redio, flashi, memori kadi na bluetooth, muuzaji alianzia laki na ishirini tukashushana mpaka 85,000. Aliijaribisha kwa singeli vioo vya kabati lake vikawa vinalia, akasema kaka hii inapiga. Kweli inapiga, sina ubishi, ila mi sikuinunua kwa singeli.

Mi nasikilizaga klarineti, ile ala ya kupuliza, msicheke. Kuna Waingereza wa karne iliyopita walitunga vitu vya klarineti moja na ala nne za nyuzi, yaani fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (kubwa zaidi, sauti nene), hamna ngoma wala mwimbaji, watu watano tu kama wamekaa barazani wanapokezana maneno. Arthur Bliss alitunga mtungo wake wa hivyo 1932. Herbert Howells wa kwake aliutunga wakati madaktari walishamwambia ana miezi sita ya kuishi (kaja kufa 1983 na miaka yake 90, sjui hao madaktari walijisikiaje).

Sasa jaribu hii. Ule wa Bliss klarineti inaanza peke yake kabisa, alafu nyuzi zinaingia moja moja. Siku ya kwanza nimeacha besi alivyoiweka muuzaji, klarineti imeanza vizuri, fidla imeingia vizuri, chelo kuingia tu ikawa kama kuna fuso imepaki dirishani haijazimwa, klarineti siisikii tena! Hizi sabufa zimetengenezwa kwa ngoma bana, kila sauti nene zinaivimbisha.

Nimehangaika kama wiki nikapata dawa. Besi weka sifuri, sio moja, sifuri. Trebo, yaani sauti nyembamba, chini kidogo ya nusu maana ukizidisha fidla zinakwaruza. Boksi usiliache kwenye sakafu ya saruji, mi nimelikalisha juu ya gunia nililokunja mara nne, na zile spika ndogo nikazitenganisha kama hatua tatu, usawa wa masikio. Hapo ndo utajua nani anaongea na nani anajibu, na ile sauti ya chini ya klarineti inatoka nene kama asali. Kwa hedifoni mpaka unasikia mpigaji anavuta pumzi, kwenye sabufa hilo usilitegemee.

Na kwa taarifa yenu klarineti nyingi za maana zinachongwa kwa mpingo, mti uleule wa vinyago vya Wamakonde, unakatwa huko Kilwa unapanda meli mpaka Ulaya alafu unanirudia Tabora ndani ya memori kadi.

Ubaya ambao sijaupatia dawa ni mvumo. Singeli inaufunika ila Howells anaishia chini kabisa, sauti inapungua inapungua, mwisho unabaki unasikiliza sabufa inavuma mmmm. Na ile sehemu ya tatu ya Bliss, ya polepole, nayo inavurugwa hivyohivyo, inaniuma kwa sababu Bliss alikuwa na mdogo wake, Kennard, mpiga klarineti, aliuawa vitani 1916, na mi kila nikifika hapo namfikiria huyo dogo.

Mvua ikinyesha zima tu, bati litakushinda.

Nyota 3 kwa 5, kwa bei hiyo sijutii. Ila taa!! Ina taa za disko zinazofuata mdundo na hazina swichi ya kuzimia, kwa Howells zinapepesa kidogo kama mtu anayesinzia, ikifika sehemu ya pili ya Bliss, ile ya fujo, chumba kizima kinakuwa bluu na nyekundu, mtoto wa jirani akaja kugonga kuuliza anko kuna bethidei? Nimezibandika plasta ya kidonda.