Uzoefu wangu na Marantz CD-94: wenzangu wanasifia chipu, mimi nasifia mkono

Nimekaa na hii pleya ya CD muda wa kutosha sasa naweza kuisemea. Ndio, inapiga vizuri, najua ndo swali la kwanza, lakini ukweli ni kwamba raha yangu kubwa iko pale ninapofungua mfuniko. Hii ni mashine ya miaka ya 80 mwishoni, na ukiona ndani unajua kabisa mainjinia waliachiwa wafanye wanavyotaka, yule mtu wa hesabu sijui alikuwa wapi siku hiyo.

Kilichonifanya niitafute ni mekanizimu yake ya kusoma diski, CDM-1 ya Philips. Pleya nyingi zinasogeza leza kwenye reli, kuna kimota, kuna vigia vya plastiki, vinasukumana taratibu. Humu hakuna reli wala gia. Lenzi imekaa kwenye ncha ya mkono unaozunguka kwenye ekseli, kama mkono wa santuri ila huu unafanya kazi chini ya diski, na kinachousukuma ni koili na sumaku, basi. Fremu ni ya chuma cha kusubu, nzito. Ukitoka wimbo wa 1 ukaruka mpaka wa 12 unasikia tik moja ndogo na muziki umeshaanza, na kumbuka njia za data kwenye CD zimepishana mikromita 1.6 tu, huku diski yenyewe inayumba kidogo na kasi inabadilika kutoka mizunguko kama 500 kwa dakika huku katikati hadi 200 hivi ukingoni, na mkono unafuata tu. (Jamani msichungulie lenzi ikiwa inawaka, leza yake ni ya nanomita 780, jicho halioni kitu cha maana lakini linaumia.)

Sasa chipu, yaani DAC, ile inayogeuza namba za kwenye CD kuwa umeme wa sauti (analogi). TDA1541A, biti 16, imeimbwa sana na mimi sikatai kwamba ni kazi ya akili. Shida ya kutengeneza biti 16 enzi hizo ilikuwa kugawa umeme nusu, nusu ya nusu, kuendelea, kwa usahihi ambao silikoni ilikuwa haiwezi. Philips wakasema sawa, tusilazimishe vipande vifanane, tuvizungushe nafasi harakaharaka ili makosa yajifute yenyewe kwa wastani, na mtetemo unaobaki unamezwa na kapasita ndogo 14 zilizoizunguka chipu. Hata ukiangalia bodi unaziona, saba za chaneli hii, saba za ile. Kabla ya hapo, pleya zao za mwanzo zilitumia TDA1540 ya biti 14, manake Philips walikuwa wamejipanga kwa 14 mpaka walipokubaliana na Sony CD iwe 16, wakaokolewa na ovasampuli mara 4, yaani kukokotoa sampuli za kati na kuzijaza kabla ya kugeuza kuwa sauti. Hii yangu nayo inafanya mara 4, yaani sampuli 44,100 zinakuwa 176,400 kwa sekunde, kwa hiyo filta ya analogi haihitaji kukata kwa ukali.

Chasi imepakwa shaba. Inasaidia kuzuia uchafu wa umeme, ila nahisi nusu yake ni ya kuturingishia tu, na sina ugomvi nalo.

Sauti: besi imeshika, mwimbaji anakaa katikati, juu hakuchomi sikio. Nikiitoa dijitali kwenda kwenye DAC ya kisasa, ile ya kisasa ni kimya zaidi na vile visauti vidogo sana vinakuwa wazi zaidi, tusidanganyane. Ila narudi kwenye analogi ya hii hii, sijui niseme nini, naipenda tu.

Usitegemee isome CD-RW (zile za kurekodi na kufuta), zinaakisi mwanga kidogo mno kwa mashine za enzi hizo. Na kuhusu toleo la S1 la hii chipu, lile la kuchaguliwa lenye alama ya taji, feki zimejaa, mtu anachapa taji juu ya chipu ya kawaida anakuuzia ndoto.

Ukienda kuijaribu kabla ya kununua, beba diski ndefu, ya dakika 70 na kitu, upige wimbo wa mwisho kabisa. Huko ukingoni ndo diski inayumba zaidi na ndo mkono uliochoka unajisema. Chipu utapata nyingine, CDM-1 hazitengenezwi tena.