Uzoefu wangu: kukodi gari lenye hema juu, Dodoma hadi Mlima Hanang wakati wa kipupwe

Gari ni Toyota Land Cruiser Hardtop, injini ya dizeli 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo. Juu ya kerieri limefungwa hema la kukunjua la watu wawili. Nyuma kuna droo ya vyombo, friji ya volti 12 ya lita 40, betri ya pili, paneli ya sola ya wati 100, mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, madumu mawili ya maji ya lita 20, meza na viti viwili. Nililikodi Dodoma mjini mwezi Julai, siku tano, watu wawili: Kondoa, Kolo, Babati, Katesh (mji ulio chini ya Mlima Hanang), kisha kurudi.

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa. Gari ni zima na hema ni imara, lakini vifaa vya kulalia vimepangwa kwa mtu anayekwenda kwenye joto. Ukilichukua kati ya Juni na Agosti bila kuongeza vitu vichache ambavyo vyote vinapatikana sokoni, baridi itakuamsha saa nane usiku na hutalala tena.

Wenzetu wa nchi za theluji, Marekani na Ulaya, wakienda milimani kuteleza hukodi gari-nyumba lenye hita. Kazi yao kubwa ni kuzuia maji yasigande kwenye mabomba, maana maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9 na kupasua bomba. Sisi hilo halituhusu. La kwetu ni kwamba gari halina hita ya kulalia kabisa, na watu wengi wanaamini Tanzania ya kati haina baridi ya kuogopa. Piga hesabu. Dodoma mjini iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kila ukipanda mita 1,000, toa nyuzi 6 au 7. Kilele cha Hanang kiko mita 3,420 hivi, yaani mita 2,300 juu ya Dodoma. Toa nyuzi 15, unabaki na sifuri au karibu yake, na hapo upepo bado haujahesabiwa.

Baridi ya hema la juu ya gari inatoka chini, na hili ndilo linalowashinda wengi. Hema la kawaida liko juu ya ardhi, na ardhi ina joto kidogo. Hili sakafu yake ni ubao mwembamba uliobanwa na alumini, na upepo unapita katikati yake na paa la gari usiku kucha. Godoro ni sponji ya sentimita 6, lakini chini ya nyonga na bega linabonyea hadi libaki kama sentimita 2, na sponji iliyobonyea haizuii kitu. Unajifunika mablanketi mawili, jasho linakutoka kifuani huku mgongo unaganda. Dawa yake ni hii: tandika mkeka wa ukindu kwanza, juu yake godoro, juu ya godoro blanketi zito lililokunjwa mara mbili, halafu begi la kulalia. Blanketi moja chini lina faida kuliko mawili juu.

Mkeka una kazi ya pili. Nilipoinua godoro siku ya kukabidhiwa gari nilikuta chini yake vidoa vyeusi vidogo vidogo, kama pilipili manga iliyomwagwa. Ni ukungu. Watu wawili wakilala ndani ya hema, pumzi na jasho lao hutoa maji ambayo yakigusa sakafu baridi yanageuka matone na kunaswa chini ya sponji. Ukindu unaacha nafasi ya hewa kupita. Pamoja na mkeka, acha dirisha la juu wazi upana wa vidole vinne, hata kama roho inakuambia ufunge kila kitu. Hema lililofungwa kabisa asubuhi linadondosha maji usoni.

Mabegi ya kulalia yaliyokuja na gari yameandikwa nyuzi 5. Soma vizuri lebo. Mara nyingi namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa ni ile ambayo mtu aliyezoea baridi anaweza kuvumilia akiwa amejikunja, si ile ya kulala kwa raha. Ongeza nyuzi 5 hivi kwenye hiyo namba ndipo ujue begi linakufaa wapi. Lile la nyuzi 5 linatosha Dodoma na Kolo. Katesh usiku linahitaji shuka zito la Kimasai ndani yake, kofia ya sufu, na chupa ngumu yenye maji ya moto iliyoingizwa kwenye soksi na kuwekwa miguuni.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema wala ndani ya gari, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala hasikii lolote mpaka amezimia. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Katika karatasi zote nilizopewa na wenye gari hakuna mstari hata mmoja kuhusu hili, na kwangu hilo ndilo kosa lao kubwa kuliko yote. Ndugu zangu, tunajua jinsi jiko linavyoingizwa chumbani msimu wa baridi huko vijijini. Hema ni dogo kuliko chumba.

Umeme. Betri ya pili ni ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweka), ya risasi na asidi, kwa hiyo hesabu Ah 50 tu. Ukiishusha zaidi ya nusu unaiua mapema. Friji inakula wastani wa Ah 1 hadi 2 kwa saa, yaani Ah 24 hadi 48 kwa siku nzima. Ongeza taa na kuchaji simu, umefika mwisho. Kipupwe kinakusaidia hapa: usiku ukiwa nyuzi 8 au 9 friji haina kazi, izime saa mbili usiku na uiwashe asubuhi gari likianza kutembea. Nyama iliyopoa vizuri haitaharibika.

Kabla ya kusaini, pima betri hiyo kwa mita. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.7, na nusu ni kama 12.2. Sasa washa injini, subiri dakika chache, pima tena hiyo hiyo ya pili: inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12.4 maana yake umeme wa alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, hauifikii. Ndivyo lilivyokuwa gari nililopewa. Tatizo lilikuwa fyuzi kubwa iliyo karibu na betri kuu: nyaya zilikuwa salama, lakini mguu wa fyuzi ulikuwa umeota kutu ya kijani. Kukwangua kwa msasa na kukaza ilitosha. Aliyenikabidhi alisema sola itamaliza kazi. Paneli ya wati 100 iliyolala bapa juu ya gari na kupigwa vumbi la njia ya Kolo haimalizi kazi.

Gesi ya mtungi wa kilo 6 inatosha sana. Jiko likiwaka kwa nguvu linatumia kama gramu 200 kwa saa, na kwa saa mbili za kupika kila siku una zaidi ya siku kumi. Adui ni upepo, kwa hiyo egesha gari likukinge na upike upande wa pili. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapofunga jiko kwenye mtungi. Povu likivimba, gesi inavuja. Mtungi ukibaki robo na asubuhi ikawa ya baridi kali, moto unanyong'onyea ingawa gesi bado ipo. Weka mtungi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, dakika kumi, utarudi. Maji ya moto usitumie, na moto usiusogeze.

Maharage mabichi yaache nyumbani. Dodoma maji yanachemka karibu na nyuzi 96, na kadiri unavyopanda yanachemka kwa joto dogo zaidi, hivyo utachoma gesi nusu siku. Beba yaliyochemshwa. Uji wa uwele wenye karanga ndio chakula cha alfajiri kilichofaa kuliko chochote.

Barabara sasa. Dodoma hadi Babati ni kilomita 251 za lami nzuri, Mayamaya, Chemba, Kondoa, Kolo, Bereko, Bonga. Kutoka Babati hadi Katesh ni kama kilomita 75 nyingine, lami pia. Hema lina uzito wa kama kilo 60, na uzito ulio juu kabisa ya gari unalifanya liyumbe kwenye kona. Kilomita 80 kwa saa zinatosha. Vijijini ni 50, tochi za trafiki zipo, na matuta na rasta usipozipunguzia mwendo droo ya vyombo inafunguka yenyewe. Kwenye miteremko ya Bereko shuka kwa gia ya tatu, usikanyage breki muda wote. Dizeli hesabu lita 13 au 14 kwa kilomita 100 ukiwa na hema juu. Gari la aina hii lina matangi mawili, jumla lita 180, kwa hiyo ukijaza Dodoma unakwenda Katesh na kurudi bila kuitafuta sheli. Asubuhi ya baridi geuza ufunguo hadi ON, subiri taa ya koili (ya kupasha injini moto) izime, ndipo upige stata.

Lami haina shida na hema. Njia ya vumbi kutoka kijiji cha Kolo kwenda kwenye michoro ya kale ya miambani ya Mungumi ndiyo yenye shida. Vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana vinatetemesha gari mpaka nati zinalegea. Hema limeshikwa kwenye kerieri kwa bolti nane za spana namba 13. Nilipokagua baada ya Kolo tatu zilikuwa zinazungushwa kwa vidole. Spana hiyo haikuwemo kwenye sanduku la vifaa, nenda na yako. Kagua pia miguu ya kerieri yenyewe kwenye mfereji wa paa. Upepo wa matairi ushushe: niliuweka PSI (kipimo cha upepo) 35 mbele na 42 nyuma kwenye lami, nikashusha hadi 28 na 32 kwenye vumbi, mwendo usizidi 40. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishapata moto linapanda kwa PSI 4 hadi 6 na utadanganyika.

Michoro ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na hupandi bila mwongozaji. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale palepale Kolo barabarani. Mwisho wa njia ya gari unahitaji magurudumu yote manne, kisha kuna mwinuko wa miguu. Usiiguse michoro, wala usiimwagie maji ili picha itoke vizuri.

Kwa kuegesha usiku, pua ya gari ielekee upepo, ambao kipupwe huku huvuma zaidi kutoka kusini mashariki. Ukiuweka ubavuni, turubai litapiga kelele mpaka asubuhi. Lisawazishe gari kwa kulaza chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye sakafu ya droo na kuangalia maji yanakoelekea, halafu pandisha magurudumu ya upande ulio chini kwenye kipande cha ubao.

Hanang gari linabaki chini. Mlima ni hifadhi ya misitu chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), unapata kibali na mwongozaji Katesh, na kila mtu abebe lita 4 za maji kwa kuwa njiani hakuna pa kuchota. Kwa siku moja, kwenda na kurudi ni saa 10 hadi 12, hivyo ondoka saa kumi na moja alfajiri na tochi ya kichwani. Fimbo ni ya kushukia, udongo unateleza. Baada ya maporomoko ya Desemba 2023 usifuate ramani ya zamani. Mwulize mwongozaji njia inayopitika sasa. Ukiumwa kichwa na kichefuchefu huko juu, geuka. Na patana mapema na mtu wa kulinda gari, hema likiwa limekunjwa na kufungwa kufuli.

Kwa nyota tano nalipa tatu na nusu. Gari na hema vinastahili nne. Begi la kulalia, fyuzi na karatasi isiyotaja mkaa vimepunguza. Nitalikodi tena Agosti, nikiwa na mkeka wangu, mablanketi mawili, mita na spana namba 13. Siku ya kurudisha nililikunjua hema kwanza uani, zipu zote wazi, godoro limesimama juani nusu saa, nikapiga mswaki mkavu kwenye meno ya zipu kutoa vumbi. Hema likikunjwa na unyevu wa Katesh, ukungu unaanza ndani ya siku mbili, na mwingine atalalia vile vidoa.