Miaka minne na Figma hapa Moshi: uzoefu wangu

Figma ni programu ya kubuni mwonekano wa skrini za programu za simu na tovuti. Nianze na siku niliyoaibika. Kampuni moja inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro ilinipa kazi ya kubuni skrini za programu ya simu ya kusajili wapagazi na mizigo yao. Nikachora skrini 34, zote kwa Kiingereza, zimekaa kama wanafunzi mstarini Jumatatu asubuhi. Mwenye kampuni, mama mmoja wa Shanty Town, alizitazama kimya, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hawa vijana wangu wanaopimisha mizigo pale geti la Machame, wakiwa na foleni nyuma yao, hiki Kiingereza watakisoma saa ngapi?"

Nikamjibu, mama usijali, kubadili lugha ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua siku sita.

Kitufe kilichokuwa na neno la Kiingereza la herufi nne sasa kilitakiwa kubeba "Hifadhi taarifa". Onyo la neno moja likageuka kuwa "Mzigo umezidi kilo 20", maana hicho ndicho kikomo cha mzigo wa mpagazi mlimani. Maandishi yakamwagika nje kama tumbo la mtu aliyeazima shati la mdogo wake. Kila mstatili nilikuwa nimeuchora kwa mkono na kuweka maandishi juu yake, kwa hiyo nikitanua kimoja inabidi nisogeze ishirini.

Figma haikuwa na kosa. Dawa ilikuwemo tangu mwisho wa 2019, ila mimi nilikuwa naitumia kama daftari la kuchorea. Unachagua maandishi, unabonyeza Shift na A, yanazungukwa na fremu, yaani kisanduku kinachobeba vitu vingine, inayojipanga yenyewe (auto layout). Kuanzia hapo kitufe hukipi upana. Unakipa nafasi ya pembeni, tuseme pikseli 16 kushoto na kulia na 12 juu na chini, halafu maandishi yenyewe yanaamua kiishie wapi. Ukiandika "Ingia" kinasinyaa. Ukiandika "Umesahau nywila?" kinatanuka, na vilivyo jirani vinasogea kukipisha.

Panapochanganya wengi ni pale unapoambiwa uchague: fremu ikumbatie kilichomo, ijaze nafasi iliyopo, au ikae na upana maalumu. Mimi vitufe navifanya vikumbatie, kadi na visanduku vya kuandikia vijaze, upana maalumu nawaachia ikoni na picha za wapagazi basi. Na kuna mtego mmoja. Ukiwa na fremu mama inayokumbatia, kisha ukaiambia fremu mtoto iliyo ndani ijaze, Figma inambadilisha mama kuwa wa upana maalumu bila kukuuliza. Mara ya kwanza nilipoteza nusu saa nikitafuta kwa nini kadi imeganda.

Siku hizi sianzi na mchoro. Naanza na maneno. Naandika lebo zote za Kiswahili, natafuta ile ndefu kuliko zote, naijengea kitufe hiyo kwanza. Ikikaa, zilizobaki zitakaa tu. Majina ya watu vilevile: usijaribishe orodha kwa "Juma Ali" wakati fomu za getini zina watu wa majina matatu, na la mwisho lina herufi kumi na mbili.

Kitu cha pili kilichoniokoa ni komponenti. Ctrl, Alt na K kwa wa Windows, na kitufe chako kinakuwa mzazi; nakala zake zote zinamfuata. Yule mama alipoamua kwamba kijani chetu kinamkumbusha benki na anataka kahawia ya buni iliyokaangwa, nilibadilisha mzazi mmoja na nakala themanini na kitu zikageuka kabla chai haijapoa. Rangi yenyewe sikuipenda, lakini mlipaji ni yeye.

Njia za mkato ziko nyingi na watu wanazikariri kama mashairi. Ninazozitumia kila saa ni chache: Ctrl na kubofya, kuingia moja kwa moja kwenye kilicho ndani kabisa bila kubofya mara tano, kushika Alt na kupitisha mshale juu ya kitu kingine, uone umbali kati yao kwa pikseli, na Ctrl na R kubadilisha majina ya leya nyingi (tabaka za mchoro) kwa mkupuo. Halafu ingia kwenye mapendeleo (Preferences), ule msogeo mkubwa wa Shift na mishale ubadilishe kutoka 10 uwe 8. Nafasi zako zote zitaanza kugawanyika vizuri, na atakayeandika msimbo wa programu atakushukuru.

Ila kioo cha laptopu kinadanganya. Programu ya Figma ya kwenye simu inakuonyesha fremu uliyoichagua kwenye kompyuta, kwa ukubwa wake halisi, papo hapo. Nilimpa simu muongoza wageni mmoja, mtu mzima, tumesimama nje juani saa saba mchana. Akakunja uso. "Mdogo wangu, haya maandishi ya kijivu umeyaandika au umeyafuta? Na hiki kitufe ni cha kidole cha mtoto. Kule kambi ya Barafu mimi nina glavu." Nikarudi ndani. Kijivu changu hakikufikia hata uwiano wa utofauti wa mwanga wa 4.5 kwa 1 dhidi ya nyeupe, ambao ni kiwango cha chini kinachopendekezwa kimataifa kwa maandishi ya kawaida. Vitufe vyangu vilikuwa na kimo cha 32. Google wenyewe kwa Android wanashauri eneo la kugusa lisipungue 48. Mimi niliweka 56, kwa ajili ya glavu.

Kuhusu bando na umeme: Figma inafanya kazi ndani ya kivinjari, na hilo ndilo lililonivutia, kwa kuwa Sketch, programu nyingine ya kubuni, inataka kompyuta ya Mac na mimi Mac sina. Faili likishafunguka, intaneti ikikatika unaendelea kuchora, mabadiliko yanasubiri hapo hapo mpaka irudi. Usifunge tabu tu. Faili ambalo hukulifungua mapema hulipati. Picha za mlima za megabaiti nane zipunguze kabla ya kuziingiza, la sivyo laptopu ya RAM ya GB 4 itaunguruma kama mashine ya kusaga ya Mbuyuni.

Sijawahi kulipia. Mpango wa bure unakupa mafaili 3 kwenye mradi wa timu, na rasimu zako binafsi hazina kikomo hicho. Kwa anayefanya kazi peke yake inatosha. Kinachokera ni historia ya faili kuishia siku 30, kwa hiyo kila Ijumaa nahifadhi nakala kwenye diski yangu. Tabia hiyo niliianza 2022, kampuni ya Adobe ilipotangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Mpango ulivunjika Desemba 2023, lakini nakala sijaacha kuweka. Rafiki yangu wa Arusha alihamia Penpot, programu nyingine ya kubuni, kwa hofu ya mauzo hayo, nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Nimeijaribu wiki mbili, ni nzuri, ila mikono yangu imeshazoea huku.

Kitu kimoja Figma imenishinda. Nilimtumia mama kiungo, nikamwonyesha jinsi ya kubofya popote kwenye skrini na kuacha maoni, akasema ameelewa vizuri sana. Jana usiku kanitumia WhatsApp picha ya skrini iliyozungushiwa duara jekundu, na sauti ya dakika nne.