Mifuko ya kitambaa ya kupandia: mikubwa nunua, midogo achana nayo

Sisi tunaokaa Maskati msimu wetu wa bustani ni wa baridi, Oktoba mpaka Machi. Likija jua la nyuzi 40 na zaidi, saladi ndiyo basi tena. Ua wangu wote umepigwa vigae, kwa hiyo msimu huu nilinunua mifuko ya lita 40 na ya lita 10 kwenye duka la miche.

Ile mikubwa nimeipenda. Kitambaa kizito, maji hayatuami, na mizizi ikifika ukingoni inakauka ncha, haijizungushi kama kwenye ndoo ya plastiki. Tungule zimezaa. Nazichuma zikianza tu kupiga wekundu, nyingine ziivie dirishani, maana ndege hawangoji. Saladi na spinachi sing'oi. Nakata majani ya nje, moyo nauacha, na zinachipua tena. Figili ndiyo haitaki kubembelezwa: bega likishachungulia juu ya udongo, ing'oe. Ikipitiliza inakuwa sponji, na figili ya sponji na samaki wa kukaanga haziendi.

Midogo inakauka upesi mno. Unamwagilia asubuhi, adhuhuri kotmiri imelala, tena Januari hiyo. Ikikosa maji mara mbili tatu inakimbilia kutoa maua, majani yanabaki nyuzinyuzi. Ukienda Nizwa kuwatembelea jamaa ukalala huko, usitarajie kuikuta.

Jambo ambalo muuzaji hakunambia ni chumvi. Baada ya muda kitambaa kinaota utando mweupe kwa nje. Ukipitisha kidole unabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Maji yanapotea hewani kupitia kitambaa, chumvi ya maji na ya mbolea inabaki. Siku mojamoja mwagilia mpaka maji yatiririke chini, yasafishe udongo, kisha piga brashi. Hapo ndipo maji yanapokwenda, na bili yake mnaijua.

Vishikio navyo, msivitegemee. Mwanangu aliunyanyua mfuko uliojaa udongo mbichi, mshono ukaachia upande mmoja. Uweke pahala pake kwanza, ndipo utie udongo.

Mikubwa naipa nyota nne, na msimu ujao nitaongeza. Midogo nimeitia vitunguu jikoni, na kwa kazi hiyo haina kasoro.