Gazi, Kwale: njia ya mbao ya kina mama, darasa la kupanda mikoko

Kikundi chochote cha pwani kinachotaka kupanda mikoko kianzie Gazi, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji inapita katikati ya msitu wenyewe, na anayejua kutazama atajifunza mengi kuliko semina ya siku nzima.

Nendeni wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa nne au saa tano asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Mwombeni kiongozi asimame pale miti inapobadilika: mlilana uko mbele baharini, mkoko wenyewe, aina inayobeba jina la miti yote hii, unafuata na mizizi yake iliyopinda, kisha mkandaa, na mchu nyuma kwenye chumvi kali. Mpangilio huo ndio unaoamua miche iishi au ife. Mara nyingi watu huchomeka mkoko kwenye tope tupu la mbele, kwa kuwa tunda lake refu ni rahisi kuokota. Pale maji hukaa saa nyingi mno, mawimbi huling'oa, au chaza wadogo hushika shina na kulilemea hadi lilale. Panapofaa mlilana papandwe mlilana, na huo mbegu zake ni ndogo, unahitaji kitalu.

Ulizeni pia kuhusu kuchagua tunda la mkoko. Lililokomaa lina pete ya manjano shingoni na huachia likiguswa tu. Lenye tundu la mdudu litupeni. Ncha iingie chini, theluthi moja ndani ya tope, bila kugongwa, nafasi mita moja kwa mita moja: 10,000 kwa hekta.

Kisha ombeni maelezo ya Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, tangu miaka ya 2010. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Kinachotupendeza zaidi ni mivinje iliyopandwa nchi kavu ili kuni na nguzo zisitoke mikokoni. Vikundi vingi huliruka jambo hili, kisha hushangaa boriti zikikatwa usiku.

Chakula agizeni mapema. Mbao zikilowa huteleza, kwa hiyo vaeni viatu vinavyoshika. Wa kupiga picha watosheke na saa moja. Wapandaji watenge asubuhi nzima.